Ukumbi Umelipiwa, Uso Je?

Mxiuu! Kamati ya harusi inakaa vikao tangu baada ya Pasaka. Ukumbi umelipiwa, MC kapewa advansi, keki imechaguliwa, suti iko kwa fundi, hata idadi ya soda kwa kila meza inajulikana. Mweka hazina ana daftari la walioahidi na wasiotimiza, na anawapigia simu alfajiri bila haya. Halafu sasa, zikiwa zimebaki wiki tatu, ndipo watu wanakumbuka kwamba bwana harusi ana uso.

Huyu bwana harusi ni mwenzetu wa hapa kijiweni Magomeni. Dereva wa bodaboda, kijana mstaarabu, hagombani na abiria kwa sababu ya chenji. Mashavu yake yana vishimo vya chunusi za tangu sekondari, kwenye taya kuna vipele vya ndevu visivyokauka, na paji la uso lina madoa meusi. Sisi tumemzoea. Mwenyewe ndiye hajajizoea. Ukimwangalia vizuri utaona hata akipaki chini ya mwarobaini kofia ngumu haivui, na kioo kakishusha hivyohivyo, jasho linamtoka. Kilicholipua mambo ni picha ya kadi. Mpiga picha kamlainisha kwa programu ya simu mpaka mjomba wake wa Korogwe, aliyetumiwa kadi kwa WhatsApp, akapiga simu kuuliza kama binti kabadilisha mchumba.

Tulicheka, na tulicheka vibaya. Yeye hakucheka. Aliuliza tu: "Jamani, wiki tatu hazitoshi kuvitoa hivi vitu?"

Kijiwe unakijua. Ukiuliza nani alikunywa kahawa bila kulipa, wote hawakuwepo. Ukiuliza dawa, wote ni madaktari.

Fundi simu ndiye aliyetangulia. "Oya, mwanangu, limau. Limau na chumvi, asubuhi na usiku, unasugua." Nyoo! Mtu ambaye kazi yake ni kushinda juani kutoka Magomeni hadi Mbagala, unampaka limau! Maji ya limau ni asidi inayochubua, na juu ya hapo limau na ndimu zina kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi na kupigwa na jua, huunguza. Yanatoka malengelenge, halafu yanaacha weusi unaoweza kukaa miezi. Atakwenda kanisani na ramani.

Muuza magazeti akaja na dawa ya meno. Hii nayo tangu tukiwa shule ya msingi haijafa. Inakausha kipele, sikatai, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya jino, ambalo ganda lake ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Wewe unaipaka shavuni unalala nayo, asubuhi unakuta pamewaka, kesho kutwa pamekuwa peusi kuliko kipele chenyewe kingeacha.

Mzee wa drafti akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya ukoo: "Mkojo wako mwenyewe. Wa kwanza wa asubuhi." Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Wapo vijana watakaokutetea kwamba mkojo una yuria, na yuria imo kwenye mafuta ya ngozi kavu. Imo kweli. Ila ile ni ya kiwandani, imepimwa, haijatoka chooni saa kumi na mbili asubuhi.

Na palikuwa na yule dereva mwenzake, ambaye hakutoa dawa kabisa, alitoa falsafa. "Wewe oa tu. Chunusi ni hamu. Ukishaingia ndani zinakwisha zenyewe." Watu wakaitikia kwa vicheko, maana hili kila mtu amewahi kuambiwa na kaka yake. Sasa nauliza: hao kina mama wenye watoto watatu wanaotoka chunusi kidevuni kila mwezi zikikaribia siku zao, nao hawajaolewa? Chunusi inaletwa na homoni zinazochochea tezi za mafuta. Mafuta yanachanganyika na seli za ngozi zilizokufa, kitundu cha unywele kinaziba, bakteria wanaostawi kwenye mafuta hayo wanaongezeka, mwili unapambana nao, pale pekundu na usaha ndiyo vita yenyewe. Cheti cha ndoa hakisomwi na tezi.

Mama wa vitumbua, mtu wa Tanga, alikuwa na hoja ya heshima. Alisema kwao bwana harusi na bibi harusi wote wanaandaliwa. Kuna singo, kuna liwa iliyosagwa juu ya jiwe la msio, kuna dalia, mtu anasuguliwa na kufukizwa udi mpaka akipita unajua huyu ni wa harusi. Hapo simpingi. Harusi ya Pwani bila singo ni mkutano wa hadhara. Singo inaondoa gaga, inalainisha, inanukia, na inampa mtu siku chache za kushikwa vizuri na watu wanaompenda, jambo ambalo hakuna duka linaloliuza. Ila asisuguliwe juu ya chunusi mbichi. Ukisugua kipele chenye usaha unakipasulia ndani, na kinachopasukia ndani ndicho kinachoacha shimo. Mwilini sugua, usoni paka na uoshe taratibu. Mama wa vitumbua akakubali. Akasema hata bibi yake alikuwa hasugui uso.

Tatizo lilianza kinyozi alipofungua droo.

Akatoa kikopo cheupe, hakina jina, hakina tarehe, kimefungwa kwa selotepu. Ndani kuna krimu ya rangi ya maziwa ya unga, inanukia manukato makali ya kufunika harufu nyingine. "Hii, kaka, wiki moja. Kuna dada anatuchanganyia, anatoa vitu Kariakoo. Wateja wangu wote wa harusi nawapaka hii baada ya skrabu."

Mxiiiiuu!

Ngoja niliseme hili polepole, maana hapa ndipo watu wanapoharibikia, na wanaharibikia kwa sababu ya harusi. Mkorogo wa namna hiyo mara nyingi una kimojawapo kati ya vitu vitatu, au vyote kwa pamoja: zebaki, haidrokwinoni, na steroidi kali aina ya klobetasoli. Klobetasoli ni dawa halali. Daktari anaiandika kwa magonjwa ya ngozi, kwa muda mfupi, na usoni kwa kawaida anaikwepa kabisa, kwa sababu ngozi ya uso ni nyembamba. Ukiipaka hovyo, siku za mwanzo utaimba. Inabana mishipa midogo ya damu, inazima uvimbe, chunusi zinanywea, rangi inafifia. Mtu anajitazama kwenye kioo cha pikipiki na kusema nilichelewa wapi.

Baada ya hapo ngozi inazidi kuwa nyembamba. Inaanza kutoa chunusi za steroidi, vipele vidogo vinavyofanana vyote, vingi kuliko vile alivyokuwa anavikimbia. Akiacha kupaka, uso unawaka, unauma, unawasha. Akirudia kupaka, unatulia. Hapo ameshafungwa. Na akichomwa na jua, ngozi haina tena ulinzi wake. Zebaki yenyewe haiishii usoni. Inaingia mwilini na kuumiza figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kumfikia hata anayelala kwenye mto huohuo. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka bila usimamizi huweza kuleta weusi wa kibluu mashavuni ambao ukishaingia, kuutoa ni kazi ngumu mno. Anayetaka kuwa mweupe anaishia na weusi ambao hakuzaliwa nao.

Na haya siyo maneno ya kijiwe tu. Vipodozi vyenye vitu hivi vimepigwa marufuku Tanzania muda mrefu. Zamani mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ndiyo iliyokuwa inavikamata; tangu 2019 kazi ya vipodozi iko kwa shirika la viwango, TBS. Duniani kuna Mkataba wa Minamata wa 2013, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwa watu. Mkataba huo unabana hadi krimu za ngozi. Lakini kikopo cha selotepu hakijui mkataba, na anayekichanganya anafanya kazi jikoni usiku.

"Ila wanang'aa," kinyozi akasisitiza.

"Wanang'aa uso," akajibu muuza magazeti. "Uso Fanta, vidole Coca-Cola. Siku ya kuvishana pete ndiyo vidole vinapigwa picha."

Hapo kinyozi alirudisha kikopo kwenye droo. Hakukitupa, tulimwona.

Dada wa duka la dawa alikuwa amekuja kununua kashata, akasikia, akashindwa kuondoka. Kwanza aliomba bwana harusi avue kofia. Kijana akasita, akavua. Dada akamwambia: "Kaka, funga macho. Pitisha kidole shavuni polepole." Akapitisha. "Palipo na weusi lakini kidole hakihisi kitu, hilo ni doa. Kidole kinapozama, hilo ni kovu. Usichanganye hayo mawili, maana hela zako zote zitaishia hapo."

Hii ndiyo elimu niliyotaka kamati nzima iisikie. Doa ni rangi tu. Chunusi ikiwaka kwenye ngozi nyeusi, seli za rangi hushtuka na kumwaga rangi nyingi kupita kiasi, na weusi unabaki hata kipele kikishapona. Doa hilo linaisha, likiachwa kwa amani, ila linaisha kwa miezi. Lipo la miezi mitatu, lipo la mwaka. Asidi ya azelaiki husaidia, krimu za jamii ya retinoidi kama adapalini husaidia, na jua likizuiwa ndiyo zaidi. Kovu ni habari nyingine. Pale chunusi ilipopasukia chini, mwili ulikarabati kwa nyuzi pungufu, ngozi ikabonyea. Vipo vishimo vyembamba vinavyokwenda chini sana, yapo mapana yenye kingo, na yapo mabonde yaliyovutwa na nyuzi kutoka chini. Hakuna krimu ya kupaka inayojaza shimo la namna hiyo. Narudia, hakuna, hata ikiwa na picha ya Mkorea kwenye boksi. Na wapo wenye kinyume chake, kovu linaloinuka na kukua, hasa kwenye taya, kifuani na mabegani. Hao ni wa kwenda kwa daktari moja kwa moja, maana kila ukilichokoza linazidi.

"Sasa mashimo yanatibiwa au hayatibiwi?" Bwana harusi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Yanatibiwa. Hayafutiki yote, yanapungua, na anayekuahidi kuyafuta yote mshike mkono umpeleke polisi. Kuna kuchomwa sindano ndogo nyingi kwa kifaa maalumu, ngozi ikishapakwa dawa ya ganzi. Vitobo hivyo vinaushtua mwili utengeneze nyuzi mpya. Njia hii inapendwa kwa ngozi nyeusi kwa kuwa haitumii joto. Lakini ni mikao mitatu hadi sita, kila mmoja mbali na mwenzake kwa mwezi au zaidi, na matokeo yanaendelea kuja miezi baada ya mkao wa mwisho. Kwa mabonde yaliyovutwa, daktari hupitisha sindano chini ya ngozi na kukata zile nyuzi. Kwa vishimo vyembamba kuna asidi inayotonwa ndani ya shimo lenyewe kwa kijiti, kazi ya mikono iliyofundishwa, kwa sababu ikimwagika pembeni inaacha alama mpya.

Leza ndiyo wengi wanaiona kwenye TikTok wakadhani ni tochi. Mwanga wa leza nyingi hufyonzwa na rangi, na ngozi yetu ina rangi ya kutosha. Mashine isiyofaa, au mtu asiyeijua, na uso unaungua kwa mistari. Zipo leza za mawimbi marefu ambazo ngozi nyeusi huzivumilia zaidi, ila uliza kwanza huyo mwenye mashine amewatibu weusi wangapi na picha zao ziko wapi. Na vile viroli vya sindano vya kuagiza mtandaoni, ambavyo mtu anajisugulia nyumbani kisha anamwazima shemeji? Damu ya huyu, damu ya yule. Nisiseme mengi.

Hesabu basi. Mashimo yanataka karibu mwaka. Madoa, nusu mwaka. Chunusi mbichi zenyewe, ukianza dawa leo, zinataka wiki nane hadi kumi na mbili ndipo uone tofauti, na wiki za mwanzo uso unaweza kuchafuka zaidi kabla ya kutulia. Kwa maana hiyo siku kamati ilipokaa mara ya kwanza kupanga rangi ya vitambaa vya meza, siku hiyohiyo ndiyo kijana alitakiwa aende kwa daktari wa ngozi. Rangi ya vitambaa ilibadilishwa mara tatu baadaye na hakuna aliyekufa.

Na madaktari wapo, ingawa ni wachache. Pale Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha wataalamu waliotawanyika Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Watu wetu wanapanda basi kwenda kwa mganga wa Sumbawanga, wanapita mlango wa kliniki ya ngozi bila kugeuza shingo.

Mzee wa drafti alikuwa amenyamaza muda mrefu, na akinyamaza ujue anapanga. Akasema: "Nyinyi mnasumbuka. Sisi baba zetu walioa na makovu ya ndui. Uso mzima umetobolewa, na mahari ikapokelewa." Ni kweli, na wenye umri wanazikumbuka nyuso hizo. Ndui ilikuwa hapa jirani mpaka juzi. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa kijana wa mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na akapona. Mwaka 1980 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Mtu aliyetoka hai kwenye ndui, kovu lake lilikuwa ni ushahidi kwamba hawezi tena kuugua wala kuambukiza. Lilikuwa na faida kwenye soko la uchumba.

Lakini mzee, hapo mimi na wewe tunaachana. Wakati ule bwana harusi alipigwa picha moja, ya kusimama, ya studio, hana hata ruhusa ya kucheka. Leo simu mia mbili ziko hewani, drone iko juu, na kuna taa ya pembeni inayoingia kwenye kila shimo na kulichora kivuli. Na hata kusingekuwa na simu, kijana asiyevua kofia kwenye kivuli cha mwarobaini hafanyi maringo. Kumwambia "mbona sisi" hakumsaidii. Hiyo ni namna ya wakubwa ya kujisifu.

Upande wa bibi harusi hatukuulizwa, lakini kijiwe hakingoji kuulizwa, na dada wa duka la dawa alikuwa na neno zito zaidi ya yote. Kuna vidonge vinaitwa isotretinoini. Kwa chunusi kali sana ni dawa yenye nguvu, inaandikwa na daktari kwa vipimo vya damu na uangalizi. Ikikutana na mimba, inaharibu mtoto tumboni vibaya mno. Mwanamke anayeitumia hatakiwi kushika mimba wakati anaitumia wala kwa mwezi mzima baada ya kuimaliza. Hata krimu za tretinoini na adapalini, mwenye mimba au anayeitafuta huambiwa aziache.

Sasa tazama mpangilio wetu. Mabinti wanapewa vidonge hivyo na marafiki wiki chache kabla ya kicheni pati, "meza vya dada yangu vilibaki". Harusi Jumamosi. Jumapili mama mkwe ameanza kuhesabu miezi kwa vidole. Hakuna mahali dawa hii ni ya hatari zaidi ya usiku wa harusi, na hapo ndipo watu wanapoipeleka. Kwenye unyago na sendofu wanafundishwa mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa, hili liongezwe. Kungwi amuulize binti: uso wako unatumia nini?

Baada ya hapo maneno yakahamia jua, na kijiwe kikaangua kicheko. "Mafuta ya kuzuia jua! Hayo ya watu wenye ualbino na watalii!" Nyoo, tena nyoo. Kweli, huko Moshi wanatengeneza ya kwao, yanaitwa Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa sababu kwao jua ni saratani. Ngozi nyeusi haiungui upesi hivyo. Ila doa la chunusi likipigwa na jua kila siku linakolea, na anayelipaka dawa usiku bila kulikinga mchana anachota maji kwa pakacha. Atumie ya nguvu ya SPF 30 na kuendelea, na kwa weusi wetu yale yenye rangi ndani, yaliyochanganywa oksidi ya chuma, ni bora zaidi, maana huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa, na hayamwachi mtu na uso wa majivu. Dereva wa bodaboda, kuliko mtu yeyote hapa, ndiye anayeyahitaji.

Haya, wiki tatu. Zinafaa nini? Dada wa duka la dawa alikuwa mkali: zinafaa kutoharibu. Sabuni laini, siyo ya kufulia, mara mbili kwa siku. Mafuta mepesi yasiyoziba vitundu. Mafuta ya jua. Mikono isiguse, vipele visibinywe, hata akiwa peke yake na kioo usiku wa manane. Asijaribu kitu kipya wiki ya mwisho, hata zawadi, hata cha shemeji. Ikimtoka chunusi moja kubwa zikiwa zimebaki siku mbili tatu, daktari anaweza kuichoma sindano ndogo ya steroidi palepale, ikanywea kwa siku moja au mbili. Siyo kinyozi, daktari, kwa kuwa kipimo kikizidi panabaki shimo. Na siku yenyewe apakwe mekapu kidogo. Wanaume wa Dar mnajifanya hamjui, lakini picha za wasanii wenu wote zimepakwa.

Halafu ndevu. Hili ndilo lililompa kijana tabasamu. Vile vipele vya taya siyo chunusi kamili. Ni nywele zilizokatwa karibu mno kwa wembe, zikajikunja na kuingia tena kwenye ngozi. Nywele zetu zina tabia hiyo. Kila akinyolewa "zero" na kuvutwa shavu, kisha akamwagiwa spiriti, zinaanza upya. Aache kunyoa. Wiki tatu za ndevu zinatosha kufunika nusu ya kesi, zikapunguzwa kwa mashine ikiacha urefu kidogo, bila wembe. Kinyozi alikubali haraka, nadhani kwa sababu ya kile kikopo. Akajitolea kumchonga bure siku ya harusi. Na mpiga picha aambiwe, kwa heshima, ahamishe ile taa ya pembeni, aweke mwanga mpana wa mbele. Haigharimu kitu, na inafanya kazi kuliko krimu zote za Kariakoo.

Mashimo yenyewe ataanza kuyashughulikia baada ya harusi, akiwa na mke anayejua anakwenda wapi na hela inatoka wapi. Mwenyekiti wa kamati, kwa kuguswa, akapendekeza lifunguliwe fungu la uso. Mweka hazina akafunga daftari. Alisema fungu la dharura liliishia kwenye ile siku watu walipokwenda kuonja vyakula ukumbini mara ya pili, na wanaotaka kujua nani walionja majina yapo.

Ndipo mpambe wa bwana harusi, ambaye muda wote alikuwa amekaa nyuma kavaa kepu, akauliza kwa sauti ndogo: "Hivi ile ya kikopo... mtu akiwa ameshaipaka wiki mbili, anaacha ghafla au anapunguza?"

Kijiwe kizima kiligeuka. Kinyozi alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Dada wa duka la dawa akaweka kashata chini, akamsogelea, akamvua kepu. Paji la uso lilikuwa la mtu mmoja na masikio ya mwingine.

"Kaka, hilo si la kujiamulia, na wala huendi nyumbani," akamwambia. "Unakwenda kwa daktari wa ngozi, leo. Na wewe kinyozi, lete hicho kikopo akakione."

Bwana harusi akavaa kofia, akawasha pikipiki. "Panda," akamwambia mpambe wake. "Hii safari sikutozi."